Eti fonti yangu ina utapiamlo! Yule jamaa wa mabango hapa Mwanga ananitafuta nini?

Wakuu, leo nimevurugwa. Jamaa mnamjua. Kigoma nzima inamjua, yule mchapaji mwenye spika kubwa kuliko mashine. Simtaji.

Nilimtengenezea mteja wangu, mama wa vitenge, nembo ya duka. Nikachagua fonti ya Bodoni Moda: nguzo nene, vistari vyembamba vya kukata roho, vimkia vya ncha za herufi vimenyooka bila kona. Ndiyo herufi ya kitu cha thamani hiyo. Mchapaji Bodoni alichonga asili yake Parma, Italia, mwenzake Didot akachonga ya kwake Paris, tangu miaka ya 1780 huko, na mpaka leo jina la jarida la Vogue linavaa ukoo huohuo. Mama alipoiona kwenye simu akasema, "Mwanangu, sasa na mimi nina duka."

Nikampelekea jamaa faili mbili, ya bango na ya kadi. Ya kadi vistari vyake vimenenepeshwa kwa sababu maandishi ni madogo. Nikamwandikia KWA HERUFI KUBWA: ya bango usiiweke kwenye kadi. Akanijibu kwa dole gumba.

Leo nimefika na mama. Kadi zimechapwa kwenye manila, na fonti ni ileile ya bango, kaishusha mpaka pointi 7! Vistari vyote vimekwenda na maji. H imebaki miti miwili. e imekuwa c. Namba ya simu ndiyo balaa: sifuri zote zimeachana juu na chini, zimebaki vijiti viwiliviwili. Ukiipiga hiyo namba unapokelewa na malaika.

Nikamuuliza kwa upole, kaka, mbona umetumia ya bango? Akaishika kadi, akaiinua dirishani, akamgeukia mama, MTEJA WANGU: "Mama, fonti ya kijana wako ina utapiamlo. Ikale mawese kwanza."

Utapiamlo! Waliokuja kutoa fotokopi wakacheka. Mtoto wa shule aliyefuata pasipoti saizi akacheka. Mama mwenyewe kajifunika mtandio, mabega yanatikisika.

Na bango sasa! Kazizungushia herufi mstari mwekundu mnene mpaka vistari vikalingana na nguzo, halafu anasema, "Hii nimeshaitibu." Umetibu nini? Tangu enzi za kuchonga chuma, kila ukubwa ulikuwa na mchongo wake. Fonti yenyewe ni ya bure na ndani imebeba michoro ya kuanzia pointi 6 mpaka 96. Yeye anainua kadi dirishani anasema mawese.

Mimi nimekulia Ujiji, mawese nimelelewa nayo. Leo ndiyo ya kunitukania kazi? Mbele ya mteja?

Mgebuka Mkavu: Pole mkuu. Ila "ikale mawese kwanza" imenimwagisha chai 😂😂

Kijana wa Gungu: Huyohuyo! Kadi zangu za harusi alikosea jina la bibi harusi. Namwambia, ananijibu, "Kwani wageni hawamjui?"

Mzee wa Buzebazeba: Kijana, Times New Roman imetuandikia barua zote za kazi na hakuna aliyeugua. Hayo ya Italia ya nini?

Mleta uzi: Shikamoo mzee wangu. Times ina kazi yake, siikatai. Mimi nasema mtu kaniambia UTAPIAMLO mbele ya mteja.

Abiria wa Reli: Picha ya kadi iko wapi? Tumpime uzito mgonjwa.

Wino Mweusi: Mimi pia nachapa, na siye mimi. Lakini nyie madizaina mnatuletea picha ya WhatsApp imeshakanyagwa na watu kumi, mnataka bango la mita tatu. Mkilipwa hamtukumbuki, likitoka baya mnatukumbuka.

Mleta uzi: Mimi nilileta faili safi, Wino. MBILI.

Dada wa Katubuka: Afadhali wewe ni herufi. Fundi kanishonea kitenge cha ndege, mbele ndege wote wameangalia chini, mgongoni wameangalia juu. Namuuliza, ananiambia wa mbele wanatua.

Kijana wa Gungu: 😂😂😂 Na wa nyuma wanaruka!

Mama Wawili: Dada, huyo fundi si yule wa karibu na soko? Kwangu kakata samaki, kichwa kipo kifuani, mkia umeingia kwapani. Na hela kamaliza yote.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye utapiamlo.

Dada wa Katubuka: Subiri kwanza kaka. Mama Wawili, kitambaa alikulipa au aliahidi Jumamosi?