Desemba 16 Afrika Kusini: tarehe moja, kumbukumbu mbili. Je, ilikuwa sahihi kuifanya sikukuu ya wote?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila tarehe 16 Desemba Afrika Kusini huadhimisha Siku ya Maridhiano. Nchi nzima inapumzika, ila wanaopumzika hawakumbuki jambo moja.

Tarehe hiyo mwaka 1838, kando ya Mto Ncome, Makaburu wapatao 464 chini ya Andries Pretorius waliyapanga magari yao ya kukokotwa na ng'ombe yakawa boma, wakalisubiri jeshi la Dingane, mfalme wa Wazulu. Mwezi Februari mwaka huohuo Dingane alikuwa ameamuru kuuawa kwa kiongozi wao Piet Retief na wenzake, wakiwa wageni wake uMgungundlovu, makao yake makuu. Basi alfajiri ile mikuki ikakutana na bunduki na mizinga. Wazulu wapatao 3,000 walikufa. Makaburu walijeruhiwa watatu, hakufa hata mmoja. Kwa kuwa siku za kabla ya vita walikuwa wameweka nadhiri, kwamba Mungu akiwapa ushindi wao na vizazi vyao wataitunza siku hiyo kama Sabato, ushindi ule wakauona ni jibu kutoka mbinguni.

Mwaka 1910 ikawa sikukuu ya serikali, ikiitwa Siku ya Dingaan. Baadaye ikaitwa Siku ya Agano, kisha Siku ya Nadhiri. Jiwe la msingi la mnara wa Voortrekker, yaani wa kuwakumbuka Makaburu wale waliohama na magari ya ng'ombe, kule Pretoria liliwekwa tarehe hiyo 1938, na mnara ukazinduliwa tarehe hiyo 1949. Umejengwa kwa hesabu kwamba saa sita mchana ya Desemba 16 mwale wa jua upenye tundu la kuba na kuangukia kaburi la mfano lililo chini.

Sasa njooni mwaka 1961. Desemba 16 hiyohiyo, Umkhonto we Sizwe (MK), jeshi la siri la chama cha ukombozi cha ANC, ilijitangaza kwa milipuko kwenye majengo ya serikali. Siku sita tu zilikuwa zimepita tangu Albert Luthuli, rais wa ANC, apokee Tuzo ya Nobel ya Amani kule Oslo.

Wapo wanaosema MK kuangukia tarehe ile ni sadfa, nami nakataa kabisa. Tarehe ilichaguliwa. Na haikuwa mara ya kwanza: Desemba 16, 1930, mjini Durban, Waafrika walichoma hadharani pasi zao, yaani vitambulisho walivyolazimishwa kutembea navyo, na Johannes Nkosi, aliyeongoza maandamano yale, akashambuliwa na polisi na kupoteza maisha. Kwa miongo mingi mtawala alipanda mnarani kushukuru, na mtawaliwa akaingia barabarani kupinga, siku ileile na kwa sababu ileile.

Msimamo wangu: serikali ya 1994 ilifanya vyema kuiacha tarehe na kuibadilisha maana. Ingeifuta, ingewaachia upande mmoja siku yote waiadhimishe kwa kinyongo. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi wa rangi, ilifanya kikao chake cha kwanza Desemba 16, 1995, na sioni siku nyingine ambayo ingelingana na uzito ule. Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, nimekusoma vizuri lakini napinga. Watazame Wajerumani na tarehe yao ya 9 Novemba. 1918 jamhuri ilitangazwa. 1923 Hitler alijaribu kupindua serikali mjini München akashindwa. 1938 masinagogi yalichomwa na Wayahudi wakauawa. 1989 ukuta wa Berlin ukafunguka. Furaha ya 1989 ilikuwa kubwa kiasi gani! Hata hivyo walikataa kuifanya sikukuu ya taifa, wakachukua 3 Oktoba, siku nchi ilipoungana rasmi mwaka 1990. Walijua huwezi kucheza ngoma na kufanya matanga uwanja mmoja. Afrika Kusini walikuwa na 27 Aprili, siku ya uchaguzi wa 1994. Ile inatosha kuwaunganisha.

Mleta mada

Mkuu, mfano wako ni mzito, lakini uuangalie kwa ndani. Moto wa 1938 haukuangukia 9 Novemba bure: wakuu wa chama cha Nazi walikuwa wamekusanyika München kukumbuka jaribio lao la 1923, na hapo ndipo Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, alipotoa hotuba iliyowasha moto. Ufunguzi wa 1989 ndio uliotokea bila kupangwa, baada ya Schabowski, kiongozi wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, kuwaambia waandishi wa habari kwamba ruhusa ya kuvuka inaanza mara moja. Mjerumani aliikwepa siku iliyomwaibisha. Mzulu na Mkaburu kila mmoja anaidai siku kuwa yake. Hizo ni kesi mbili tofauti.

Mchangiaji wa 2

Naomba niongee kwa ajili ya wale 3,000. Wote mnaizungumzia tarehe hii kama mali ya Makaburu na ya MK. Waliolala Ncome wako wapi? Upande mmoja wa mto yamesimama magari 64 ya shaba. Makumbusho yanayosimulia upande wa Wazulu, yaliyojengwa kwa umbo la pembe za nyati kama jeshi lao lilivyojipanga, yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 tu, ng'ambo ya pili. Miaka kama 160! Mnawataka wafiwa wapatane kabla hawajapewa nafasi ya kulia.

Mchangiaji wa 3

Naunga mkono hoja ya Mchangiaji wa 2. Halafu hata pale Freedom Park, bustani ya kumbukumbu ya waliokufa wakipigania uhuru, juu ya kilima kinachotazamana na mnara wa Voortrekker, majina ya askari wa jeshi la serikali ya ubaguzi hayakuwekwa kwenye ukuta wa majina, na ugomvi ukazuka. Binafsi nasema ilikuwa sawa kutowaweka, ila tusidanganyane kwamba tarehe imewapatanisha.

Mleta mada

Mchangiaji wa 2, hapo umenigusa, na naiongezea hoja yangu sharti. Tarehe ibaki, lakini sherehe kuu ya kitaifa iwe inafanyika Ncome kila mwaka, ianze kwa kuwataja waliokufa 1838, ndipo wanasiasa wapande jukwaani. Wanaopinga sharti hili waje na sababu zao, nawasubiri.