Jodie Foster: jikedume wa 1974 alipotelea wapi mpaka Bonnie wa 2023?

Mama_Mikanda

Wakuu, za jioni. Mimi ndiye yule niliyekuwa nakodisha mikanda ya video Tanga kabla biashara haijafa. Mwanangu kaniunganishia Netflix, basi usingizi sina tena. Wiki iliyopita nimeangalia Nyad ya 2023, kisa cha Diana Nyad aliyeng'ang'ania kuogelea kutoka Cuba mpaka Florida na miaka yake 64. Annette Bening ndiye Diana, Jodie Foster ni Bonnie, rafiki na kocha wake. Wote wawili ni wanawake wanaopenda wanawake, waliwahi kuwa wapenzi kidogo zamani, na filamu inalitaja jambo hilo kama mtu anavyotaja kwamba kwao Pangani. Hakuna anayelia kwa ajili yake, hakuna anayekufa. Wanagombana juu ya mikondo ya bahari.

Ikabidi nirudie filamu za Jodie za utotoni, zile zilizopita mikononi mwangu. Alice Doesn't Live Here Anymore ya 1974: kanywele kafupi, sauti nzito, anamfundisha mvulana wa watu kunywa mvinyo na kudokoa dukani. Freaky Friday ya 1976: hoki na vidole vichafu. Huku kwetu mtoto huyo angeitwa jikedume, na shangazi zake wangeshaitana kikao. Halafu anakua, na jikedume haonekani tena. Mpelelezi, mwanasayansi, mama, mjane, mama tena. Bonnie anakuja, Jodie mwenyewe ana miaka 60.

Swali langu: katikati hapo ilikuwaje? Alikatazwa, alikwepa, au mimi ndiye sikuona? Waliokuja kuhubiri, uzi wa dini uko juu hapo, hamjapotea mbali.

Tunutu72

Umeruka The Hotel New Hampshire ya 1984. Kaka yake humo, Frank, ni shoga na haifichwi. Na kuna Susie, yule binti anayejificha ndani ya vazi la dubu, kachezwa na Nastassja Kinski. Angalia yaliyopo kati yake na Franny wa Jodie. Yanapita haraka, ukienda kuchemsha chai umeyakosa.

Fundi_Projekta

Dada Mama Mikanda, mimi nilikuwa na kibanda umiza Manzese, tuko ukoo mmoja kibiashara. Nikupe habari ya The Silence of the Lambs.

Tulikuwa na jamaa wa kutafsiri, anasimama na maiki pembeni ya televisheni, fundi kweli wa maneno. Sasa ndani ya filamu ile Clarice, mpelelezi, yaani Jodie, anamsaka muuaji, na anamwambia Dokta Lecter, mfungwa anayemwendea kwa msaada, kwamba wataalamu hawajaona uhusiano wowote kati ya watu wanaobadili jinsia na ukatili. Lecter naye anajibu kwamba muuaji yule si mtu wa namna hiyo, anajidhania tu. Maneno hayo jamaa yetu aliyameza yote, maana ni mazungumzo ya viti viwili na kioo, watu wanataka damu. Ilipofika pale muuaji anajipaka rangi na kucheza mbele ya kamera, akapiga kelele "Shoga huyo!" Kibanda kizima kikalipuka. Mimi nilikuwa mlangoni nakusanya hela, nikacheka na wenzangu. Nilikuja kuyasikia maneno ya Clarice miaka mingi baadaye, nikiwa peke yangu na DVD.

Usidhani ni sisi tu. Marekani wenyewe, wasiohitaji mtafsiri, walichobaki nacho kichwani ni ile ngoma. Filamu ilitoka Februari 1991, mashoga wa kule wakakasirika, na hasira ikamfikia Jodie. New York zilibandikwa picha zake ukutani zikitangaza kwamba naye ni mmoja wao. Walimwanika, kwa Kiswahili chepesi. Usiku wa Oscar, Machi 30, 1992, kundi la watetezi wa mashoga, Queer Nation, liko nje linaandamana, ndani yeye anapokea tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Mwongozaji, Jonathan Demme, mwaka uliofuata alitoa Philadelphia, ya mwanasheria mwenye ukimwi, na wengi waliiona kama jibu lake. Jodie hakujibu kitu.

Ndiyo maana nasema alikwepa. Hata 2013, kwenye tuzo za Golden Globes, alizunguka mbuyu dakika saba na neno lenyewe hakulitaja.

Kipepeo_Bluu

Fundi, umeitaja tarehe ukaipita. Machi 30. Mwaka 1981, tarehe hiyohiyo, John Hinckley alimpiga risasi Rais Reagan ili Jodie amwone. Binti ana miaka 18, yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu cha Yale, mtu huyo alikuwa anamwandikia barua na kumsukumia chini ya mlango wa bweni. Alikuwa ameshikwa na wazimu na Taxi Driver, ambamo Jodie aliigiza kahaba akiwa na miaka 12, na kwenye zile picha zisizomfaa mtoto akasimama dada yake badala yake.

Sasa huyo ndiye mnamuuliza kwa nini hakufungua dirisha. Ameanza matangazo ya biashara na miaka mitatu. Hakuwahi kuwa na kitu ambacho watu hawajakishika kwanza. Na 2013 hakuzunguka mbuyu wowote, alisema alishajiweka wazi zamani sana kwa ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzake. Kumwanika mtu ni kumwanika tu, hata kama anayekuanika ni wa kwenu.

Kingine, mnamtafuta mbele ya kamera. Nendeni nyuma yake. Home for the Holidays, 1995, ameiongoza yeye. Halafu Orange Is the New Black, tamthilia ya gereza la wanawake, 2013, kipindi cha tatu cha msimu wa kwanza, ameongoza yeye. Ndicho kile cha Sophia, mwanamke aliyebadili jinsia, zamani alikuwa zimamoto, gerezani wanampunguzia homoni zake. Laverne Cox anayemwigiza ni mwanamke wa namna hiyo kweli, na pale Sophia anapoonyeshwa kabla hajabadilika, aliyesimama ni pacha wake Laverne, wa kiume. Jodie aliteuliwa kuwania Emmy, tuzo ya televisheni, kwa uongozaji wa kipindi hicho.

Fundi_Projekta

Hiyo ya tarehe sikuiunganisha. Nakubali robo. Lakini Clarice alikuwa na mdomo, jamani.

Kipepeo_Bluu

Aliutumia. Nyie ndio mlimeza tafsiri.

Mama_Mikanda

Nimerudi, macho mekundu. Home for the Holidays nimeipata jana kwa mjukuu, amejua pa kuipata, sikumwuliza ni wapi.

Nilidhani ni filamu ya sikukuu tu. Dada anarudi kwa wazazi Baltimore kula bata mzinga, nyumba imejaa watu wasiopatana. Kaka yake Tommy, huyo Robert Downey Jr., naye mwigizaji tangu akiwa mtoto wa miaka mitano, ni shoga, na ndiye mkorofi wa nyumba. Si mgonjwa, si muuaji, si wa kuhurumiwa. Ni ile ndugu ambayo kila ukoo unayo, ikiingia mlangoni bibi anaficha glasi. Na inajulikana kwamba amemwoa mwenzake Jack ufukweni kimyakimya. 1995! Hakukuwa na jimbo hata moja Marekani lililokuwa linaruhusu ndoa hiyo, Massachusetts walianza 2004. Jodie mwenyewe aliolewa na Alexandra Hedison 2014.

Kwa hiyo Fundi, mimi sioni kama alikwepa. Alimweka shoga kwenye meza ya chakula, akampa mama, baba na dada wa kugombana naye, wakati wenzake walikuwa wanamweka hospitalini. Yeye mwenyewe kukaa kwenye kiti hicho ndiko kulikochukua miaka 28. Hilo bado linaniuma kidogo, sitasema haliniumi, maana ningependa kumwona akiwa na miaka 35.

Sasa wanafika pale pa kukata bata. Tommy ameshika kisu, dada yao mwingine, Joanne, kakaa mkabala na nguo yake nzuri na uso wa mtu wa kamati ya harusi. Sisemi zaidi. Nimecheka mpaka mjukuu kaamka kuuliza kama bibi yuko salama.

Tunutu72, leo usiku zamu ya dubu wako. Chai nimeshachemsha kabisa.