Terezín au Auschwitz? Nina siku moja tu

Mzee wa Pangani: Wakuu, salaam. Mwezi ujao naenda Ulaya kikazi na nitakuwa na siku moja ya mapumziko. Nataka kufika mahali Wayahudi walipofungiwa na kuuawa enzi za Hitler. Nimebakiza mawili, Terezín ya Ucheki au Auschwitz ya Poland. Nalipia leo usiku, mliofika nisaidieni.

Nyamizi: Ulaya kubwa, mkuu. Unafikia mji gani? Uko na nani?

Kaka Tosha: Auschwitz. Pale waliuawa watu wapatao milioni 1.1, wengi wao Wayahudi. Terezín haikuwa kambi ya kuua kwa gesi.

Mama Rehema: Kaka Tosha, tusipime kwa wingi wa maiti. Terezín walikufa watu kama 33,000 kwa njaa na maradhi, na karibu 88,000 wakapakiwa kwenye treni kwenda mashariki, wengi Auschwitz hukohuko. Halafu kuna ule uongo wa Juni 1944. Msalaba Mwekundu walipokuja kukagua, nyumba zilishapakwa rangi na maua yamepandwa, na mwezi mmoja kabla watu zaidi ya 7,000 walishaondolewa ili mji usionekane umefurika. Hilo linanitesa mpaka leo.

Mzee wa Pangani: Samahani, nafikia Prague. Niko na mwanangu wa miaka 11.

Nyamizi: Ndiyo tuliyokuwa tunauliza! Auschwitz wenyewe hawashauri kupeleka watoto chini ya miaka 14, na kutoka Prague ni zaidi ya kilomita 400. Terezín ni kama 60 tu, unapanda basi kituo cha Holešovice, hapohapo Prague.

Msafiri wa Moshi: Ila usiende na kundi. Mimi nililipia ziara ya nusu siku, nikajuta. Walitushusha Ngome Ndogo, lililokuwa gereza la Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakatupa dakika 50. Ndani ya chumba kimoja cha wafungwa, bibi mmoja wa kundi letu aliweka kiganja kwenye mbao za kulalia, akatulia. Mwongozaji akamwita mara tatu, ya tatu kwa kupiga makofi. Kwenye basi bibi akatuambia mama yake alifungwa Terezín. Na geto lenyewe, yaani mji walimofungiwa Wayahudi, ng'ambo ya mto Ohře, tulilionea dirishani. Nilishindwa hata kumpa pole.

Kaka Tosha: Ngome hiyohiyo ndiko alikofungwa Princip, aliyeanzisha Vita vya Kwanza.

Babu Kasulu: Alimuua mrithi wa ufalme wa Austria. Vita walianzisha wakubwa, na hata huku kwetu wapagazi walikufa kwa maelfu. Tusimtwishe kijana mmoja.

Kaka Tosha: Risasi ni yake, Babu.

Umutoni: Nawasoma nikiwa Kigali. Kwa mtoto, anzeni na michoro. Msanii Friedl Dicker-Brandeis, naye mfungwa, alifundisha watoto wa geto kuchora, na kabla ya kupelekwa Auschwitz alificha michoro kama 4,500. Mingine imetundikwa sinagogi la Pinkas, hapohapo Prague. Gisozi kwetu, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, chumba cha watoto kina picha zao, na chakula alichokipenda kila mmoja. Mwanangu alikaa kwenye picha moja muda mrefu kuliko mimi.

Mama Rehema: Pinkas Jumamosi hufungwa, na tanuri la maiti la Terezín pia. Mzee, siku yako ni ipi?

Mzee wa Pangani: Ni Jumamosi.