Falsafa ya Kiislamu, falsafa ya Kiarabu na ilmul kalam ni kitu kimoja?

mtoto_wa_ngamiani: Wakuu salaam. Jana barazani huku Tanga kahawa imenoga mpaka tukabishana, mzee mmoja anasema falsafa ya Kiislamu na ya Kiarabu ni kitu kimoja na zote ni ilmul kalam tu (ile elimu ya kutetea itikadi ya Kiislamu kwa hoja), mi nikanyamaza maana sina hoja. Nisaidieni kabla ya jioni 😅

bandarini: Mzee kachanganya madesa. Kiarabu ni lugha bana. Mwanafalsafa Ibn Sina kazaliwa karibu na Bukhara, Asia ya Kati, Mwarabu hakuwa, ila vitabu vyake vingi kaandika Kiarabu na vingine Kifarsi. Halafu kuna wanafalsafa kama Musa bin Maimun Myahudi, Yahya bin Adi Mkristo wa Baghdad, wote wameandika Kiarabu, sasa utawaita falsafa ya Kiislamu? Ndo maana wengine wanaona bora iitwe ya Kiarabu, japo hapo nako vile vya Kifarsi vinabaki nje.

ustadh_mdogo: Na kalam mbali. Mtu wa kalam anaanza na itikadi anaitetea kwa hoja, mwanafalsafa anaanza na akili na mantiki ya Wagiriki kina Aristotle. Ghazali, mtu wa kalam (kafa 1111), aliwabana wanafalsafa kwenye masuala 20, baadaye mwanafalsafa Ibn Rushd akamjibu, ingekuwa kitu kimoja wangegombana nini? Ila Ghazali huyohuyo mantiki aliikubali, kwa hiyo huo mpaka una matobo.

mtoto_wa_ngamiani: Shukran sana. Leo mzee atalipa kahawa yeye