Wadudu wa TB wanakula mafuta: niache parachichi?

Mnyakyusa_wa_Tukuyu: Wakuu, shikamooni mnaostahili. Niko mwezi wa pili wa dozi ya TB. Jirani kasikia kwamba bakteria wa TB wanakula mafuta ya mwili, basi kanipiga marufuku parachichi. Na mti uko mlangoni, yanadondoka hadi mbwa kanenepa! Kweli nikijinyima watakufa njaa?

Hadubini: Pole ndugu. Jirani kasikia sawa, ila dawa yake ndiyo kichekesho. Seli ya ulinzi kwenye pafu humeza bakteria ikitaka kumuua. Yeye anageuka mpangaji. Seli inajaa vitone vya mafuta mpaka chini ya hadubini inaonekana kama povu la sabuni. Humo anajichotea asidi za mafuta na kolesteroli, anazikatakata apate nguvu na malighafi ya ule ukuta wake wenye nta. Mwaka 2008 watafiti walionyesha ana mtambo wa kuingizia kolesteroli, Mce4. Lakini kolesteroli hiyo mwili wako unaitengeneza wenyewe, na parachichi halina hata chembe. Ukijinyima, utakonda wewe.

Mama Tumaini, Uyole: Mwanangu, kula. Mimi nilianza dozi nikiwa kilo 43, sketi naifunga kwa kamba. Miezi sita sikuruka hata siku moja, na parachichi kwenye kiporo cha ugali kila siku. Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe, ni dawa hiyo.

Mnyakyusa_wa_Tukuyu: Asante mama. Kesho mbwa atanikuta chini ya mti.