Naombeni ushauri: konekta gani salama za kuungia nyaya?

Wakuu, juzi soketi ya jikoni ilikata moto. Nikazima meni swichi, nikapanda darini kufungua boksi: nyaya za 2.5mm zimesokotwa tu na kuzungushiwa tepu, nayo tepu imeyeyuka, plastiki nyeusi kama mkaa. Na yule fundi nilimlipa vizuri!

Sasa nataka viungio vyote virudiwe. Fundi mpya anasema konekta za skrubu zinatosha. Mimi naziwaza Wago 221 za kubana kwa kidole, zimeandikwa 32A, zinapokea mpaka waya wa 4mm, ila bei yake si mchezo. Hofu yangu ni skrubu kulegea, hasa laini ya pasi na jagi la umeme. Na feki mnazitambuaje dukani?