Gauni la harusi la mtindo wa zamani: mbunifu wa Uingereza, gauni la zamani lenyewe, au fundi wa Mombasa?

BintiKisauni
Salaam wapendwa. Niko Leicester, harusi ni Agosti mwakani, na gauni limeninyima usingizi. Napenda mitindo ya Uingereza ya miaka ya 1930 na 1940: hariri inayoanguka vizuri, mikono mirefu, vifungo vidogo vidogo mgongoni.

Nina njia tatu. Kuna mbunifu wa kujitegemea, mama wa Kiingereza, anashona kwa mkono wake na msaidizi mmoja tu kwenye chumba juu ya duka. Kanitajia paundi 2,300 na miezi saba. Kuna gauni la zamani lenyewe, la mwishoni mwa miaka ya 1940, paundi 450. Halafu kuna fundi wetu wa Mombasa, ambaye mamangu hataki kusikia mwingine: ninunue kitambaa hapa, nimpelekee. Nilipomtajia mama hiyo 2,300 akaniuliza, "Hilo ni gauni au kiwanja?"

SindanoNaUzi
Mdogo wangu, mimi ni fundi, niko Reading. Kwanza usichanganye 1930 na 1940.

Gauni la miaka ya 1930 hukatwa mshazari, yaani kitambaa hulazwa pembe, digrii 45, badala ya kufuata uzi wake ulionyooka. Ndiyo maana satini inavutika na kuufuata mwili. Linapendeza sana, lakini linaonyesha kila kitu, hata mshono wa shumizi. La miaka ya 1940 ni jingine: mabega yamejengwa, shingo imefunga, mikono inafika kwenye kifundo. Kwa nikahi, hilo halihitaji kuongezewa kitu. Yale ya madukani siku hizi yako wazi mabega, ukiomba mikono wanabandika lesi juu juu, na mtu akitazama anajua.

MamaWawili_Coventry
Mimi nilinunua la zamani lenyewe, duka silitaji. Kwenye picha lilikuwa zuri mno. Siku yenyewe nikainua mkono kumsalimia mama mkwe, kwapa likachanika hadi kwenye mbavu. Shangazi zangu wakanizungushia kanga, mmoja ana pini mdomoni, mwingine anacheka. Hariri ya miaka sabini iliyokwisha kunywa jasho la mtu mwingine haina nguvu tena, hata ikionekana nzima.

Na usidanganywe na saizi. 12 ya wakati ule ni ndogo kuliko 12 ya leo. Nenda na futi kamba yako, pima gauni lenyewe kifua, kiuno na nyonga.

Mlamali
Mbona Princess Beatrice mwaka 2020 aliolewa na gauni la zamani la bibi yake, Malkia Elizabeth, lililobuniwa na Norman Hartnell, na wakaliongezea mikono? Halikuchanika.

MamaWawili_Coventry
Lilitunzwa na ikulu, Mlamali. Langu lilitunzwa darini.

SindanoNaUzi
😂 Mlamali yuko sawa kwamba inawezekana. Ila kulipanua gauni la miaka ya 1940 ni shida, na sababu yake ni vita. Nguo Uingereza zilikuwa za mgao kuanzia Juni 1941 hadi Machi 1949. Elizabeth mwenyewe alipoolewa Novemba 1947, kitambaa cha gauni lake kilihesabiwa kwa kuponi. Maharusi wengine waliazimana magauni, wengine walishonewa kwa hariri ya parachuti. Kitambaa kikiwa adimu hivyo, usitegemee kukuta akiba ya kutosha ndani ya mshono. Kupunguza utapunguza. Kuongeza, utaongeza kwa kitu gani?

Shangazi_Tausi
Mwanangu Binti, mimi naungana na mama yako. Mafundi wa Mombasa wanatarizi kwa mkono kazi ambayo huyo Mwingereza atakutoza kwa saa. Tena fundi anakujua tangu mdogo.

BintiKisauni
Shikamoo shangazi. Ananijua tangu mdogo, ndilo tatizo. Ana vipimo vyangu vya mwaka wa kumaliza shule!

SindanoNaUzi
Hapo ndipo pesa nyingi ya mbunifu inapokwenda: vipimo. Atakushonea kwanza gauni la majaribio kwa pamba nyeupe ya bei nafuu, ile bibi zetu waliiita amerikani. Unalivaa, anachora juu yake, anafumua, anakata tena. Hariri haiguswi mpaka hilo likae. Gauni la mshazari hata likiisha linaachwa likining'inia kwanza, kwa sababu linarefuka lenyewe, ndipo upindo ukatwe ukiwa umelivaa pamoja na viatu vya siku ile. Kazi hiyo haifanyiki kwa picha za simu.

Gauni la 1940 lenye mikono linasamehe zaidi. Fundi mzuri akipata vipimo vya leo anaweza kulishona akiwa mbali.

Kadzo_M
Nyongeza ya mambo ya pesa. Muulize mbunifu kama bei ina VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Biashara ambayo mauzo yake hayajapita paundi 90,000 kwa mwaka hailazimiki kuitoza, na washonaji wengi wadogo wako chini ya hapo. Duka kubwa bei yake tayari ina asilimia 20 ndani. Na gauni likitumwa kwa posta kutoka Mombasa, asilimia 20 hiyo hiyo itakusubiri likiingia Uingereza. Jamaa zetu la kwao waliliita zawadi kwenye fomu, lakini zawadi inayosamehewa haizidi paundi 39.

Jambo jingine: nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyako haina zile siku 14 za kubadili mawazo unazopata ukinunua mtandaoni. Andikianeni kila kitu kabla hujatoa amana.

Mlamali
Swali la kijinga: kwani gauni ni moja? Hakuna sherehe ya kupamba?

Shangazi_Tausi
Mlamali leo umeamka vizuri. Kupamba ni kwa wanawake peke yao. Huko na mshazari wako utamwonea haya nani?

BintiKisauni
Nimekaa na haya maneno siku nne. Nimempigia mbunifu, nimemwambia nataka la mshazari, la 1930, halina shanga wala lesi, kwa ajili ya kupamba. Kuondoa shanga peke yake kumeshusha bei hadi 1,650, na hatozi VAT. Fundi wa Mombasa atashona la nikahi, mikono mirefu, shingo imefunga. Nimepimwa upya na jirani, na mama analibeba mwenyewe akija Julai. La zamani la paundi 450 nimeliacha, ingawa jana nimelitazama tena mara mbili.

SindanoNaUzi
Mwambie fundi aache inchi moja kila mshono wa pembeni. Nitakurekebishia hapa.

BintiKisauni
Ahsante dada. Kipimo cha amerikani ni tarehe 9. Mama anauliza kama anaweza kuhudhuria kwa video, amwelekeze Mwingereza pa kukata.

MamaWawili_Coventry
Zima sauti.